Pua ya Mwendesha Mtungi

Binti anayemleta mama yake keshamzoea mwendesha mtungi wa oksijeni, ule mkubwa wanamolazwa wenye vidonda sugu ili vifunge. Kwa mafuta jamaa hana utani, maana mle ndani tone tu linaweza kuwaka. Kila mgonjwa anamnusa kisogo, na akipata harufu ya losheni anamrudisha bombani kama mtoto. Mama kaoga mara mbili leo. Kidonda chake cha sukari kisipofunga, mguu unakatwa. Zamu yake imefika, mara anaingia bosi mmoja anayelala mtungini kutafuta ngozi ya ujana, nywele zinameremeta mafuta. Jamaa anainama, anamfungulia mlango wa mtungi, pua kaitia mfukoni.

“Kaka, huyu mbona humnusi?” binti anamkazia macho.

Jamaa anafuta kioo kilicho safi. “Mama aje kesho.”

“Nitakuja,” mama anasema, akiunyanyua mguu wenye bandeji. “Ila uniandalie kitanda kifupi.”