Matunda Kumi na Moja ya Bedan Kahiga

Siku ya kutengeneza pombe, baba mdogo Bedan Kahiga hakugusa sabuni. Alinawa kwa maji ya mvua, kisha akasimama uani kwake Noonkopir, mikono juu, mpaka jua liikaushe.

"Bedan, umeshikwa na polisi?" jirani yake Virginia alimtania juu ya ua.

"Bado. Lakini wakikuja nitakutaja wewe."

Pombe ilikuwa ya asali. Asali ilitoka Kisaju kwa Metito, ambaye mizinga yake ilining'inia kwenye migunga. Kilichoichachusha ni matunda kumi na moja ya muratina, makavu, mepesi kama sifongo, aliyoachiwa na babu yangu. Kila baada ya pombe aliyaanika bila kuyaosha, chachu ikiwa bado ndani, akayatundika juu ya jiko. Ukinywa, ukali ulitangulia, halafu ukaja mgunga unaochanua baada ya mvua ya kwanza. Sijui kuieleza vingine, na mimi nilisomea vyakula chuoni.

Nilipomletea tangi la chuma na kipimajoto, hakukataa. Tulikubaliana: ichachuke kwenye kibuyu chake, itulie kwenye tangi langu. Misimu mitatu ilitoka safi zaidi, na bado ilikuwa ya Kisaju.

Mwaka jana binti yake Mumbi alikaribia kulipiwa mahari. Baba mdogo alikuwa mgonjwa wa figo.

"Hii ya Mumbi ndiyo yangu ya mwisho," alisema. "Itoke vile ilitoka ya mahari ya mama yake."

Alipolazwa hospitali siku mbili, aliniachia matunda niyatayarishe. Yalikuwa meusi, yana utando. Nikayachemsha, nikayasugua kwa sabuni ya vyombo, nikaona nimefanya kazi.

Kibuyu kilikaa siku tano bila povu. Baba mdogo alikitegea sikio, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Uliyafanya nini, mama?" akaniuliza.

Nikamwambia. Hakunigombeza. Alitafuta kiti, akakaa.

Nikatia hamira ya pakiti. Ilichachuka vizuri, na wakwe wakaisifu. Yeye alionja kidogo, akanirudishia kikombe.

"Ni nzuri. Ni ya wapi?"

Alijua ni asali ya Metito.

Nilitafuta matunda mapya. Lakini matunda mapya yanahitaji pombe nyingi kabla hayajazoea kazi, na Metito alishauza nusu ya shamba. Migunga imekatwa, ploti zimepimwa. Niliyaanika hata hivyo. Sikujua lingine la kufanya.

Jumapili, siku moja kabla hajafariki, nilikwenda kumwambia nimeyaanika. Siku tatu nilikuwa nimenawa kwa maji ya mvua tu na kusimama juani kama yeye, Virginia akinitazama bila kunitania. Baba mdogo aliomba viganja vyangu, akavinusa kimoja kimoja.

"Bado vinanuka sabuni," akasema.