Ndege ya Mdogo Wangu

Nyumba yetu iko nyuma ya uwanja mdogo wa ndege wa Kakamega, pale ambapo ndege inayotoka Nairobi huwa imeshusha magurudumu tayari. Kwa miaka kadhaa ilipita juu ya bati letu, chini kiasi kwamba mimi, fundi wa vyuma, niliweza kuona mistari ya ribiti, zile pini za kuunganishia mabati, tumboni mwake. Vikombe viligongana kabatini. Kuku walikimbilia uvunguni wakidhani ni mwewe aliyenenepa kupita kiasi, na mazungumzo yoyote yaliyokuwa yakiendelea yalikatika, watu wakabaki na midomo wazi wakisubiri ipite.

Kila jirani alikuwa na lake. Mwalimu mkuu mstaafu, mama anayeishi ng'ambo ya ua wetu, alisema kelele zile zimempandisha presha. Mwenye ng'ombe wa gredi alidai ng'ombe wake amepiga teke ndoo ya maziwa mara mbili kwa wiki moja. Kwaya ya kanisa letu ilizoea kukata wimbo katikati ya mazoezi, kisha kuuanza tena palepale ilipouachia. Tulilalamika, tukazoea, tukalalamika tena.

Mama yangu peke yake hakulalamika. Anaishi nami tangu baba afariki, na mngurumo ulipoanza kusikika kwa mbali, upande wa Sigalagala, aliacha chochote alichokuwa akifanya. Akiwa anachambua maharagwe, ungo uliwekwa chini. Alikaza leso kiunoni, akatoka na magoti yake mabovu mpaka karibu na kamba ya nguo, akainua uso na kusimama hivyo, midomo ikimchezacheza, mpaka ndege imepita. Kama kulikuwa na mteja wangu pale aliyekuja kuulizia geti, alimwambia kwamba hiyo ndiyo inaletanga mwanawe.

Mwanawe huyo ni mdogo wangu, niliyembeba mgongoni tukienda shule wakati wa mvua. Ana kazi Nairobi, katika jumba refu ambalo mimi nililiona mara moja tu, nikiwa chini. Alikuja kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi na kuondoka Jumapili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mdogo wangu alijua kuhesabu, na jembe halikuwahi kumfikia.

Lakini mama hakungoja Ijumaa yake. Alitoka nje kwa kila ndege, hata ya Jumanne ambayo sote tulijua mdogo wangu hayumo.

Niliona wivu. Sioni haja ya kulipamba neno hilo. Nilikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye mke, watoto na ndevu nyeupe, na nilimwonea wivu mtoto niliyemfuta kamasi. Mimi ndiye niliyempeleka mama kliniki ya magoti. Nilimchomelea vyuma vya kujishikilia bafuni, nikavipiga msasa mpaka vikawa laini ili visimkwaruze mikono, na yeye akavigeuza pa kuanikia soksi. Mdogo wangu aliwahi kumletea pakiti ya biskuti wanazogawiwa abiria, biskuti mbili tu ndani yake. Mama hakuila. Aliiweka kabatini kando ya Biblia, na wageni wakija huonyeshwa.

Hata hayo ningeyavumilia. Kilichonimaliza ni firigisi.

Kwetu kuku akichinjwa, firigisi, ambayo sisi Waluhya tunaiita imondo, haiendi ovyo. Ni ya mwenye boma. Baba alipokuwa hai ilikuwa yake, na baada ya matanga mama mwenyewe ndiye aliyeichukua kwa mkono wake na kuiweka kwenye sahani yangu mbele ya wajomba. Hakuna aliyetoa hotuba. Kila mtu aliona, nami nikajua nimekuwa mkubwa wa nyumba. Kuanzia siku hiyo haikuwahi kukosa njia.

Ijumaa moja mdogo wangu aliwasili na begi lake la magurudumu. Mke wangu alikuwa amepika ingokho, kuku wa kienyeji, na obusuma, ugali wa mtama. Mama alipakua. Kijiko kikaingia sufuriani, kikatoka na imondo, kikapita sahani yangu na kuishia kwenye ya mdogo wangu. Mama akasema mtu aliyetoka juu huko lazima awe na njaa. Mdogo wangu aliitafuna akizungumza kwenye simu, hata hakujua anachokula. Mke wangu alinitazama. Mimi niliitazama obusuma yangu, nikaifinyanga tonge moja muda mrefu sana.

Wiki iliyofuata niliitisha mkutano wa majirani kuhusu kelele za ndege.

Nilizungumza vizuri siku hiyo, nikiri. Nilisema juu ya watoto wanaoshtuka usingizini, juu ya presha ya mwalimu, juu ya ng'ombe. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole kama barua tutakayoandika itataja pia grainda yangu ya kukatia vyuma, inayolia pale getini tangu asubuhi. Nyani haoni kundule, akasema, na watu wakacheka. Nilicheka pia. Halafu nikachaguliwa mwenyekiti, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na hasira ya kutosha kufanya kazi hiyo.

Barua niliiandika mwenyewe. Niliandika kwamba wanaoumia zaidi ni wazee, na kwamba bibi mmoja mwenye umri mkubwa hulazimika kutoka nje kila ndege ipitapo. Hilo halikuwa uongo, ila nililiweka pale kama mtu anavyoweka jiwe chini ya gunia la mahindi lipate uzito. Majirani wangetia sahihi baadaye. Nilitaka sahihi ya mama iwe ya kwanza. Nilimkuta jikoni akimenya ndizi, nikamwambia ni karatasi ya majirani. Alifuta mikono kwenye leso, akaandika jina lake polepole, herufi kubwa kubwa, akarudi kwenye ndizi zake.

Wakubwa wa uwanja walikuja, wakasimama uani mwetu, wakasikia wenyewe. Walikuwa watu wa adabu. Baada ya muda wakatujulisha kwamba kuanzia mwisho wa mwezi, upepo ukiruhusu, ndege zitazunguka na kutua kutoka ule upande mwingine, wenye mashamba ya miwa na nyumba chache. Majirani walinipongeza. Mwenye ng'ombe aliniletea chupa ya maziwa, nami nikayanywa kwa raha ya mtu aliyelipiza kisasi bila mtu kujua.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi ule, mama alitoka nje saa kumi kama kawaida. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na uani kulikuwa na matope. Alisimama kando ya kamba ya nguo. Saa kumi na nusu ikapita. Saa kumi na moja. Mke wangu alimletea kiti, hakukikalia. Nilizima grainda nikamwambia ndege sasa inapita kule kwingine, aingie ndani. Akaniomba nimpigie mdogo wangu simu. Nilimpigia, haikupatikana. Nikapiga tena, haikupatikana.

Kumbe mdogo wangu alikuwa ameshuka zamani, akaenda mjini kumsalimu rafiki, na simu alikuwa hajaiwasha tangu ndani ya ndege. Aliingia getini karibu saa kumi na mbili. Mama alikuwa angali amesimama, viatu vimezama matopeni. Alimshika mdogo wangu mikono yote miwili, akampapasa kama anayekagua kuku sokoni, kisha akakaa palepale kwenye kiti. Chakula kilipoletwa hakula.

Baadaye, mdogo wangu akiwa anaoga, mama aliniita.

"Ile karatasi ulinipatia, ndio ilifukuza ndege?"

Nikasema ndiyo.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, Mama."

"Wewe ukileta karatasi mimi siulizangi," akasema. Alisugua magoti. "Ulidhani naipungia mkono? Nilikuwa naiombea. Kitu inaning'inia hewani na mwanangu ako ndani. Ikipita hapa chini imetoa miguu, najua amefika. Hata ile haijambeba naiombea, ndio njia izoee. Sasa nitajua aje?"

Mtu mwenye akili angeomba msamaha hapo. Mimi nilisikia kitu kimoja tu, kwamba miaka yote ile ya kusimama uani haikuwa majivuno. Ilikuwa hofu. Na badala ya kupoa, wivu wangu ulipata pa kushika zaidi, kwa sababu majivuno ningeweza kuyadharau.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Mimi unaniombeanga saa ngapi?"

Alinishangaa kweli. "Wewe si uko hapa? Nakusikianga na hiyo mashine yako mchana yote. Ikinyamaza ndio nauliza bibi yako umeenda wapi."

Ningependa kusema jibu hilo lilinitosha. Mke wangu nilipomsimulia alisema lingemtosha mtu yeyote, na kwamba mimi nina roho ya mtoto wa kati ilhali ni kifungua mimba. Lakini nilitaka siku moja, hata moja tu, mama asimame kwenye matope kwa ajili yangu.

Tangu hapo kazi ikawa yangu. Ndege haiwezi kurudishwa juu ya mabati ya watu wote kwa sababu ya mama mmoja, na mwenyekiti aliyeiondoa hana uso wa kwenda kuiomba tena. Kwa hiyo kila ndege ya mdogo wangu inapokuja mimi nafunga karakana, nachukua pikipiki mpaka kwenye ua wa waya wa uwanja, nasimama na vijana wanaolisha mbuzi pale. Ikigusa lami napiga simu. Nasema, "Mama, imeshuka." Anasema, "Asante, papa," na kukata. Ndivyo mama zetu wanavyowaita watoto wao wa kiume, papa, wote, si mimi peke yangu. Kisha mdogo wangu anapanda teksi, nami narudi nyuma yake nikila tope la magurudumu.

Ijumaa iliyopita ilitua vizuri, mapema hata. Nilimwona mdogo wangu akishuka ngazi na begi lake. Nikatoa simu, nikaishika mkononi, na sikupiga. Sijui niseme nini kujitetea. Nilitaka tu ile dakika iwe ndefu. Nilitazama abiria wakitawanyika, teksi zikaondoka, mbuzi wakasogea hatua chache. Zikapita dakika kumi hivi.

Simu ikalia. Alikuwa yeye.

"Papa, uko wapi?"

Sauti yake ilikuwa nyembamba, ile ile ya siku ya matope, na kwa mara ya kwanza ilikuwa imenijia mimi. Nilimwambia niko hapa kwenye ua wa uwanja, mzima, sina neno.

"Imeshuka?"

"Imeshuka, Mama."

"Asante," akasema, akakata.

Nilibaki na simu sikioni muda mrefu baada ya hapo. Najua alichokuwa akikitafuta, mimi si mjinga. Lakini kabla ya kuuliza habari za ndege aliuliza niko wapi mimi, na mpaka nilipofika nyumbani nilikuwa bado nairudia sauti ile kichwani, nikijionea wivu hata mimi mwenyewe, kama kwamba aliyeulizwa ni mtu mwingine.