Beti Zisizolazwa Kifudifudi

Jumatatu nilikwenda duka moja la mtaa wa Asiatique kutoa kopi ya cheti cha kifo cha mume wangu. Mbele yangu binti wa chuo kikuu alikuwa akimbembeleza mwenye duka, mzee wa Kiislamu, amtolee kopi ya daftari la zamani la kwao.

"Baba, profeseri anatufundisha vitabu ya dunia, na yote ni ya Ulaya. Nilimuambia na sisi tuko nayo. Anataka nimuonyeshe leo saa nane, ama nifute maneno yangu mbele ya darasa."

Mzee akatoa daftari la bibi yake mzaa baba: beti za safari ya kutoka Ujiji, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Binti alipotaka kuliweka kwenye mashine, mzee akalifunika kwa kiganja.

"Apana. Juu kuna jina la Mungu. Mi siwezi kulilaza kifudifudi."

"Sasa nitafanya nini?"

"Kaa. Mi nasoma, we unaandika."

Akasoma polepole. Kufikia ubeti wa tatu, foleni nzima ilikuwa ikiitikia neno la mwisho, nami Mkristo nikiwemo. Kwa nusu saa hakuna aliyemuuliza mwenzake anatoka mtaa gani, ili ajue ni wa upande gani.

"Na akisema hii si kitabu?" binti akauliza, akikunja karatasi zake.

"Mwambie akuje kusoma mwenyewe. Lakini anawe mikono kwanza."

Jana nilipita tena. Mlangoni bwana mmoja mwenye tai alikuwa ameinama, mikono chini ya birika, na mzee akimmiminia maji. Binti alisimama kando, akimshikia miwani.

Namshukuru Mungu: dunia ya profeseri imeongezeka duka moja.