Bafe Chini ya Karai

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja: nyoka hauawi. Baba alikuwa mkata mkonge hapa Voi, lakini watu wa maabara walimjua kwa kazi nyingine. Alishika bafe, wale nyoka wanene wavivu, kwa fimbo yenye ndoano, akawatia guniani. Huko maabara walikamuliwa sumu, na kwa sumu hiyo hutengenezwa dawa ya aliyeumwa na nyoka. Mama alimtania kwamba nyoka wake wamesafiri kumshinda mkewe. "Hii ni dawa ya watu," baba alimjibu. Alijivunia, na sisi pia tulijivunia.

Asubuhi moja mama alikwenda kuchukua kuni, akamkuta bafe amelala. Mke wa mtu mwingine angeita jirani aje na panga. Mama yangu alileta karai ili amhifadhie mumewe. Alipokuwa akilishusha, nyoka akamuuma mkono. Alimaliza kumfunika, akaweka jiwe juu, ndipo akaniita.

Tulipofika hospitalini mkono ulikuwa umevimba mpaka begani. Daktari, kijana mpole, alituambia dawa hiyo hakuna, imeisha kitambo. Wundanyi hakuna, Taveta hakuna. Labda Mombasa. Baba hakuelewa. "Daktari, mimi ndiye nawapelekea hao nyoka," alisema, kisha akarudia polepole, akidhani hakusikika. Nilimwonea huruma, halafu hasira zikanipanda. Kinyozi hajinyoi, watu husema. Sawa, lakini nywele haziui.

Gari la wagonjwa lilitafutiwa mafuta mpaka jua likashuka. Mama alikata roho kabla hatujafika Mariakani, kichwa chake mapajani mwangu.

Tulipomaliza kuzika ndipo nikakumbuka karai. Bafe alikuwa hai. Nilichukua panga, na haki ya Mungu ningemkatakata, lakini baba akanishika.

"Mama yako alimfunika awe dawa," akasema, akamtia guniani.

Watu wa maabara walikuja, wakatupa pole, wakambeba. Niliwauliza dawa yake itarudi Voi lini. Wakasema hayo si ya idara yao. Baba aliwashukuru kwa kuja. Mimi sikuwaaga.

Leo asubuhi wamepiga simu, wanataka wengine. Dawa bado haipo hospitalini, nimeuliza. Baba ameshatoka na fimbo yake.