Blauzi ya Kuombea Basari

Niliingizwa kwenye kamati ya basari ya wadi yetu, ile inayogawa pesa za karo, kama mwakilishi wa vijana kwa sababu nilikuwa na digrii na nilikuwa na wakati, yaani sikuwa na kazi. Tulikutana Giakanja, katika ukumbi wa kanisa karibu na soko.

Mama wa tatu kuitwa alikuwa kibarua wa kuchuma kahawa. Binti yake alikuwa amepata nafasi katika shule nzuri ya bweni. Aliingia na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka. Mwenyekiti akamtazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Mama, ati hivi ndio umevaa ukikuja kuomba? Si wewe ndio utatusaidia sisi!"

Wanakamati wakacheka. Fomu yake ikawekwa upande wa waliokataliwa.

Mimi niliona mabega ya blauzi yakimpwaya. Haikuwa yake. Kwetu hakuna anayeenda ofisini na matambara. Ukikosa nguo, jirani anakuazima. Lakini ningelisemaje hilo bila kumwaibisha mara ya pili? Nilipanga sentensi kichwani, nikaifuta, nikaipanga tena. Mama alikuwa tayari ameshika kitasa cha mlango.

"Mwenyekiti," nikasema, "mwaka niliotakiwa kuingia sekondari, mama yangu alikuja hapa na viatu vya jirani. Vilimbana hadi akachechemea. Akaambiwa mwenye viatu kama hivyo hawezi kukosa karo. Nilikaa nyumbani mwaka mzima."

"Nani alimwambia hivyo?"

"Ni wewe, mzee. Ulikuwa umekaa hapo hapo."



"Haya, digrii," mwenyekiti akasema. "Sasa unataka watu wakuje na magunia?"

"Nataka twende tuone jikoni kwake. Na kwa kila aliyeomba."

Nikaitoa fomu ya yule mama upande wa waliokataliwa, nikaiweka katikati ya meza. 

Kesho yake tulienda. Tulimkuta amevaa gamubuti na sweta iliyotoboka viwiko, akipuliza moto wa mawe matatu chini ya sufuria yake moja. Blauzi ilikuwa imeshafuliwa na kuanikwa kwenye kamba ya jirani, upande wa pili wa ua.

Mwenyekiti aliitazama ile blauzi. Kisha akaniomba kalamu, akaweka fomu juu ya goti lake, akatia sahihi.

"Haya, digrii," akasema, "tuonyeshe njia ya kwa yule mwombaji mwingine."