Maana ya Askofu Niliyoipeleka Ukweni

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliacha shule darasa la pili, nikajifundisha kugonga bati mwenyewe, na katika miaka ile ya hamsini nusu ya mtaa wetu wa Shauri Moyo ilikuwa ikifungia nguo zake ndani ya masanduku yangu. Kwa hiyo siku ya kwenda kupanga mahari ya msichana niliyemtaka sikuona sababu ya kumwachia baba mdogo maneno yote, ingawa desturi ni kwamba mwoaji anakaa kimya kama mzigo. Tena kulikuwa na karani mmoja aliyemtaka msichana huyohuyo. Lazima wajue nami kichwani nina kitu.

Baba wa msichana alikuwa mzee wa kanisa. Akatusimulia jinsi askofu atakavyokuja kubariki kanisa lao jipya. Nikaona hapa ndipo pangu. Jirani yangu Mwislamu, mwenye duka la mafuta ya taa, alikuwa amenieleza neno hilo: sisi tumelipata kwa Waarabu, Waarabu walilipata kwa Wayunani, na huko maana yake ni mwangalizi, mtu wa kusimamia wenzake.

"Mzee," nikasema, "askofu maana yake ni nyapara."

Kikombe chake kikarudi mezani.

"Nyapara? Wa kutukana watu na kuwakata malipo ya siku?"

"Hapana, mzee. Nyapara mzuri."

"Nani kakufundisha?"

"Jirani yangu. Ni Mwislamu, lakini anajua sana. Naweza kwenda kumwita."

"Msikieni huyu! Aniletee Mwislamu anifundishe askofu wangu, nyumbani kwangu!"

Baba mdogo akanikanyaga mguu. Nyuma ya pazia vyombo viliacha kugongana. Ni yeye msichana, anasikiliza ninavyompoteza. Nilikuwa na maneno tele, na yote ya kweli, lakini kila nikifungua mdomo baba mdogo anainua kidole. Wakanijadili kana kwamba sipo. Mara mzee anasema turudi kwetu, mara anasema yule karani angalau ana adabu. Mimi natazama viatu vyangu vipya.

Mwishowe wakaamua: faini kwanza, mahari baadaye. Mbuzi wa wazee, blanketi la baba, na pesa ya kuliosha lile neno. Kuomba nipunguziwe, hata hilo sikuruhusiwa. Nilitoa akiba yangu ya kununulia mashine ya kukunjia bati: shilingi mia moja arobaini na saba na senti hamsini.