Saisi wa Konde Aliyelegeza Kamba

Jumatatu alasiri nilizungumza kwa simu na rafiki yangu wa Konde, akacheka, akaniahidi kuwa Alhamisi atakuja Wete twende tukamtazame punda mmoja mwenye kidonda cha mgongo. Jumanne asubuhi, kabla sijamaliza chai, nambari yake ikanipigia. Nikapokea kwa mzaha: "Eeh, umeshaghairi?" Aliyejibu alikuwa shemeji yake. "Mwalimu, mwenyewe kaondoka. Tunazika adhuhuri." Nikamuuliza kaondoka kwenda wapi. Nalitamka kwa kinywa changu swali hilo la kipumbavu, na hata sasa ninapoandika bado kuna pembe ya akili yangu inayongoja jibu jingine.

Tulijuana Konde, kwenye baraza ya duka lenye televisheni. Siku hiyo walikuwa wakionesha mashindano makubwa ya dunia ya farasi, yale yanayokusanya michezo yao yote mahali pamoja: kuruka vizingiti, kukokota magari, mbio za masafa marefu, na ule mwendo wa madaha ambao farasi hupiga hatua kama bibi harusi. Sisi watu wa ng'ombe na punda tulikuwa tukicheka. Mtu mmoja mwembamba aliyekaa pembeni akasema taratibu, "Farasi yule atatolewa. Mguu wa nyuma, wa kushoto, unamuuma." Tukamcheka na yeye. Haikupita muda kengele ikapigwa, mpandaji akavua kofia, farasi akaongozwa nje. Baraza nzima ikageuka kumtazama. "Umejuaje?" nikamuuliza. "Nimewahi kuwapo pale," akasema, "si mbele ya kamera, nyuma ya farasi."

Alikuwa mzaliwa wa upande wa Shumba. Ujanani alikuwa akiendesha gari la ng'ombe, kisha akaenda Arabuni kutafuta maisha, akaishia bandani kuwa saisi, mtunza farasi. Alilisha, aliosha, alilala karibu nao. Tajiri wake alikuwa na farasi jike wa mbio ndefu, na mwaka mmoja wakampeleka Ulaya kwenye mashindano hayo hayo. Mbio zile huchukua kutwa nzima, na kila baada ya masafa fulani farasi husimamishwa. Daktari wa wanyama husikiliza mapigo ya moyo, kisha saisi humshika farasi kamba na kumkimbiza mchakamchaka mbele ya daktari, aonekane kama anachechemea. Kituo cha mwisho, yeye alikwisha kujua kuwa mguu si mzima. Msimamizi wao naye alijua. Akamsogelea sikioni: "Mshike kamba fupi. Asitikise kichwa." Kwani farasi mwenye maumivu huinamisha kichwa kwa kila hatua, na kamba ikikazwa daktari haoni kitu.

"Ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Nalikaza hatua tatu hivi. Kisha farasi akanitazama, Mwalimu. Mie n'natoka Shumba, yeye hana hata lugha ya kunambia. Nikailegeza."

Kichwa kikainama, daktari akainua mkono, na safari ya farasi ikaishia hapo. Safari ya saisi nayo. Kabla wiki haijatimia alikuwa ndani ya ndege, begi moja, bila hata kuagana na mnyama. Miezi baadaye msichana aliyekuwa akimpanda farasi yule alimtumia picha ya jike huyo akila majani, na maneno machache: mfupa ulikuwa umeshafanya ufa, na duru moja zaidi ingeuvunja. Alinionesha picha ile mara moja tu, wala hakuisimulia barazani.

Alipotulia nyumbani akawa mtu wa kusumbua wenye magari ya ng'ombe. Nimemwona kwa macho yangu akimsimamisha bwana mmoja njiani. "Ami, mfungue ng'ombe wako, bega limechubuka." Bwana akamjibu, "Ng'ombe wangu, weye vyakuhusu nini?" Akasema, "Yeye hawezi kukwambia, ndo n'nakwambia mie." Wakabishana pale juani mpaka nira ikafunguliwa. Mara nyingi alitukanwa, mara chache alishukuriwa, na zote mbili alizipokea kwa uso ule ule.

Sasa nifike mahali pazito. Baada ya mazishi mkewe aliniambia, kwa sauti ya mtu ambaye bado haamini, kwamba tangu miezi kadhaa kifua kilikuwa kikimbana. Hospitali walimwambia apumzike na arudi kupimwa. Akasema atarudi karafuu zikimalizika. Asubuhi ile alipanda mkarafuu, akashuka, akakaa chini, akaomba maji. Maji yalipoletwa hakuwa tena wa kuyanywa. Mtu aliyeweza kumwona mnyama mgonjwa kupitia kioo cha televisheni! Nilibaki nimesimama ukumbini na viatu vyangu mkononi, sijui niende wapi.

Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini maneno hayo humlaumu maiti peke yake. Mimi nilimwona. Mwezi uliopita, kwenye kilima kidogo tu, alisimama mara mbili akashika kifua, akanambia, "Uzee huu." Nami nikacheka naye, kwa sababu ndivyo wanaume wa hapa tunavyostahiana: mwenzako akisema si kitu, unampa heshima ya kumwamini. Tunaiita adabu. Nadhani ni uvivu wa moyo. Ng'ombe wa watu alipata mtetezi wa kugombana juani kwa ajili yake, na mtetezi mwenyewe hakupata rafiki hata mmoja wa kumuudhi kidogo.

Basi funzo nililotoka nalo Konde ni hili: kumpenda mtu ni kukubali kumkera. Nina kaka yangu Mkoani ambaye anakohoa tangu mfungo ulipokwisha. Jana nilimpigia, akanijibu kama nilivyotarajia kuwa ni vumbi tu, hakuna kitu. Nikamwambia avae, nimo njiani. Akakasirika, akaniuliza nani aliyenifanya daktari. Nikamwacha aseme yote, kisha, simu ingali sikioni, nikabisha mlango wake.